Kadi Kumi na Mbili Hadi Kamituga

Papa Chirhuza alisema sitaweza. Alisema hivyo mbele ya wateja wanne, katika duka lake la vipuri vya kompyuta pale Nyawera, Bukavu, huku ameshika glasi ya chai na wala hanitazami.

"Diplome," aliniita, maana hilo ndilo jina alilonipa tangu nirudi, "mashine yenye haina diski, unataka kuipatia njia mbili? Utaikata pumzi na mikono yako mwenyewe. Miye niko hapa, nitakuona ukirudi."

Dada yangu Maman Neema, ambaye ninakaa kwake Nyalukemba, hakujali mambo ya mashine. Yeye alisema sitafika Kamituga. "Mwenga hautapita. Tangu utoke Kampala, ata moto ya hapa mujini unaogopa kupanda!" Moto kwetu ni pikipiki.

Ninaandika haya ili wote wawili wasome. Niliondoka Bukavu nikiwa na miaka kumi na tisa na mfuko mmoja wa plastiki. Kampala nilisafisha magari ya watu mchana na kusoma mitandao ya kompyuta jioni, miaka sita, bila mjomba wala mfadhili. Diploma yangu imetundikwa sebuleni kwa dada yangu, ikitazama mlango, ili mgeni aione kabla hajaniona mimi. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na Padri Kibukila wa Kamituga, sikuuliza kama ninaweza. Niliuliza ni lini.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Watoto wengi wa upande wa Mwenga na Shabunda huzaliwa karibu na mashimo ya dhahabu na hawaandikishwi popote. Mtoto kama huyo akifika darasa la sita hana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti jina lake haliingii katika orodha ya mtihani. Mara chache jaji huja na kikao cha mahakama kinachotembea, anawasikiliza wazazi, na hukumu inachapwa na kutiwa sahihi palepale. Safari hii angekuja kwa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, katika ukumbi wa parokia. Kikao kilichotangulia kilivunjika. Kisanduku kimoja kinachogawa mtandao, kile tunachokiita swichi, kilikufa, na kompyuta zote kumi na mbili zikaganda. Walijaribu kuandika kwa mkono, lakini majina hayakusomeka na karatasi zikakataliwa. Familia zilizotembea siku tatu msituni zilirudi mikono mitupu.

"Injenieri, kikao kingine kikivunjika, batu hawatarudi tena," Padri aliniambia. "Na orodha ya mutihani inafungwa wiki yenye kufuata."

Niwaeleze mashine hizo kwa wasiozijua. Kamituga imejaa mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi lake na mtikisiko wake huua diski za kompyuta kama nzige wanavyoua shamba. Kwa hiyo parokia ilichagua kompyuta zisizo na diski kabisa. Zinatumia Linux, na kila kitu chao kinakaa katika mashine moja kubwa, seva, iliyofungiwa katika chumba cha ndani. Ukiwasha kompyuta, inaomba mfumo wake kupitia kebo, na mpaka utakapoizima inaendelea kusoma mafaili yake kupitia kebo hiyohiyo. Kebo ni koo lake. Kazi yangu ilikuwa kuipa kila kompyuta koo la pili: kadi ya pili ya mtandao, kebo ya pili, swichi ya pili, na kuzifunga kadi hizo mbili zifanye kazi kama kadi moja, ili njia moja ikikatika nyingine ichukue mzigo kabla mtu hajainua kidole.

Vifaa sikuwa navyo. Nilikopa. Papa Chirhuza, pamoja na kejeli zake, alinipa kadi kumi na mbili. "Nakukopesha ili nisikie vizuri ukilia," alisema. Soeur Espérance, mtawa anayesimamia kompyuta za shirika lao, alinikopesha swichi. Maman Neema alinikopesha turubai lake la kufunikia unga wa muhogo.

Wiki moja kabla ya kuondoka, Nyalukemba. Niliweka seva ndogo na kompyuta moja isiyo na diski juu ya meza ya chakula, nikamwalika Papa Chirhuza aje aone. Nilitaka aone. Kompyuta ikawaka vizuri. Nikaandika amri ya kuzifunga kadi mbili. Sasa, kadi ili ifungwe na mwenzake ni lazima kwanza ishushwe, na nilipoishusha, kompyuta ikapoteza mafaili yake yote kwa pumzi moja. Hata amri ya kuinyanyua tena ilikuwa kwenye seva, ng'ambo ya mlango niliokuwa nimeufunga. Kioo kiliganda. Papa Chirhuza alicheka mpaka akaweka glasi chini.

"Nilikuambia nini? Pumzi, na mikono yako!"

Sikulala vizuri kwa siku tatu, lakini ya nne nilipata dawa. Kompyuta inapowashwa, seva huitumia kwanza kifurushi kidogo cha kuamkia, ambacho kinakaa katika kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Nikaingiza kazi ya kufunga kadi ndani ya kifurushi hicho. Hivyo kompyuta inazifunga kadi zake ikiwa bado haijagusa faili hata moja, na haina cha kupoteza. Nikaiwasha, nikachomoa kebo moja, ikaendelea. Nikairudisha, nikachomoa nyingine, ikaendelea. Nilimpigia Papa Chirhuza simu nikamsikilizisha muziki uliokuwa ukipigwa na kompyuta ile wakati ninachomoa na kuchomeka. Akakata simu.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Nilitoka Nyalukemba na sanduku la kadi na swichi, limefungwa turubai la dada yangu mara tatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Katika jeep tulikuwa watu kumi na mmoja, na sanduku nililipakata kama mtoto mgonjwa. Kule Mugogo soko lilikuwa linaanza, akina mama wakishusha kabichi. Baada ya Burhale barabara iliharibika kabisa. Mara mbili tulishuka kusukuma, na mara zote mbili mimi nilibaki nimekumbatia sanduku, abiria wakinisema.

"Huyu papa hasukumake?" mmoja aliuliza.

"Huyu iko na diploma," akajibu dereva, ambaye nilikuwa nimemweleza habari zangu njiani. "Diploma hailowanake."

Kwenye kamba ya kizuizi kimoja, mlinzi aliyelowa mpaka kwenye nyusi alitaka kufungua vifuko vya kadi, kimoja kimoja, kwa vidole vinavyodondosha maji. Tone moja mahali pabaya, na kompyuta moja ingebaki na koo moja. Nilimwomba, nilimsihi, mwishowe nilimwonyesha kadi yangu ya shule ya Kampala. Aliitazama kwa muda mrefu, kichwa chini miguu juu, akaturuhusu.

Mwenga tuliingia giza likianza, na jeep ikakataa kwenda mbele. Tulilala hapo. Katika nyumba ya wageni alikuwepo mama mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na mitatu. Aliitwa Maman Wabiwa. Anatwanga mawe Kamituga. Wanawake wa kazi hiyo huitwa kwa Kifaransa cha kule maman twangaise, na mikono yake niliijua kabla hajasema. Mume wake huchimba shimoni. Mama alikuwa ametoka kumchukua binti, Sifa, kwa bibi yake, kwa ajili ya kikao.

"Mara ya kwanza tulifika, mashine zikakufa," alinieleza. "Sifa iko wa kwanza mu darasa. Juu ya karatasi tu, banasema hatafanya mutihani."

"Maman, safari hii utapata karatasi," nilimwambia. "Mimi ndiye mwenye mashine. Nimezipa njia mbili. Hata shetani achomoe kebo, hazitakufa."

Alinipima kwa macho. "Na weye, jina lako ni nani?"

Nilimtajia jina langu lote, na diploma nikaongeza, hata lile la Diplome ninaloitwa mjini.

"Nitalikumbuka," akasema.

Jumanne asubuhi, Mwenga hadi Kamituga. Moto tatu: mimi na sanduku, Maman Wabiwa na Sifa, na ya tatu ya mizigo. Nilikuwa sijapanda moto kwenye tope tangu nilipoondoka Bukavu kijana, lakini hilo sikumwambia mtu. Kilomita chache mbele, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, moto yangu ililala ubavu. Nilianguka chini na sanduku juu ya kifua changu, na kiatu changu kimoja kikabaki ndani ya tope, na nadhani kingali huko. Goti lilivimba palepale. Nilijaribu kusimama na sanduku, nikashindwa.

Maman Wabiwa alishuka kwenye moto yake. Alifungua kitenge chake kiunoni, akabaki na kingine cha ndani, akalibeba sanduku mgongoni kama mtoto, akafunga mafundo mawili kifuani, akashuka mteremko ule wote kwa miguu bila kuteleza hata mara moja. Chini kabisa alinisubiri, akanirudishia sanduku likiwa bado limeviringwa kitenge chake.

"Njia mbili," aliniambia, "na weye mwenyewe haujui kupita moja."

Madereva walicheka. Nami nilicheka kidogo.

Jumanne saa sita mchana, Kamituga. Nilitarajia kelele, kwa maana kila mtu huzungumzia kelele ya mashine za kusaga. Mji ulikuwa kimya. Padri Kibukila, mtu mrefu mwenye koti la mvua juu ya kanzu, alinieleza kwamba mchimbaji mmoja alikuwa amezikwa asubuhi ile. Kule mchimbaji akizikwa, mashine zote za mtaa hunyamaza mpaka kesho yake.

Nilifanya kazi tangu saa saba hadi jua kuzama. Kadi kumi na mbili ziliingia, hata moja haikuharibika. Swichi iliyokuwepo, ambayo parokia ilikuwa imeinunua badala ya ile iliyokufa, niliiita ya kwanza. Ya Soeur Espérance niliiita ya pili. Na hapa nilifanya jambo ambalo mafundi wengi wasingelifikiria. Swichi ya kwanza niliichomeka kwenye umeme wa mtaa, na ya pili kwenye betri za jua za parokia, pamoja na seva na kompyuta. Hivyo hata umeme wa mtaa ukikatika, njia ya pili itabaki. Seva nayo niliipa kebo mbili, moja kwa kila swichi.

Halafu nikamwita Padri, nikawasha kompyuta zote, nikaanza kuchomoa kebo mbele yake kama mfanya mazingaombwe anayetoa sungura kwenye kofia. Hakuna iliyoganda. Nikazima swichi ya kwanza. Hakuna iliyoganda.

Padri alipiga makofi. Kisha akasema, "Injenieri, leo kumenyamaza juu ya matanga. Kesho mashine za mawe zikianza, ungejaribu tena kabla ya jaji kuanza, sivyo?"

"Padri," nilimjibu, "kebo haina masikio. Kelele haiisumbui."

Jumatano, saa mbili asubuhi. Ukumbi ulijaa hadi veranda. Akina mama walikalia mawe, wazee walikalia viatu vyao. Jaji, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, tulimwita Madame Juge. Kwa saa mbili kila kitu kilikwenda kama nilivyosema. Jaji anasikiliza, mchapaji anachapa, printa inatoa, muhuri unagonga. Mimi nilisimama nyuma na goti langu na ndala za Padri, nikijitwisha sifa zote kimoyomoyo. Maman Wabiwa alikaa mbele ya kompyuta ya saba. Mchapaji alikuwa ameanza kuandika jina la mtoto.

Saa nne, mlimani nyuma ya parokia, mashine za mawe zikaanza.

Taa za umeme wa mtaa zilififia, zikarudi, zikafifia. Sakafu ikatetemeka chini ya ndala zangu. Mchapaji wa kompyuta ya saba akabonyeza, akabonyeza tena. "Injenieri," akasema. Kisha wa tatu. Kisha wa kumi na moja. Katika muda wa kuhesabu vidole vya mkono, vioo vyote kumi na viwili vilikuwa vimeganda, kila kimoja na karatasi ya mtu nusu nusu.

Nilikimbilia chumba cha ndani. Swichi ya kwanza: taa zote kijani. Swichi ya pili: taa zote kijani. Kebo zote zimekaa mahali pake. Seva inapumua. Nilirudi ukumbini, nikakagua kadi moja baada ya nyingine. Taa zao zote ziliwaka. Kila taa niliyotazama iliniambia kwamba hakuna ubaya, na hakuna kompyuta iliyosogea. Jasho lilinitoka mpaka kwenye macho. Nilitaka kuzima kompyuta zote na kuziwasha upya, lakini ningepoteza karatasi zote zilizokuwa zimeanzwa, na nisingejua ugonjwa. Baada ya nusu saa zingeganda tena.

Madame Juge alivua miwani. "Papa, niko na siku tatu tu. Nitakunywa kahawa. Nikimaliza kahawa na mashine ziko hivi, ninafunga kikao."

Padri alinitazama, kisha akatazama mlimani zilikotoka kelele.

Nilirudi kwenye swichi na kuzitazama tena. Nilikuwa nimepiga magoti, pua karibu na taa, wakati Maman Wabiwa aliponifuata hadi mlangoni. Hakuwa anaomba. Alikuwa amekasirika.

"Weye, mwenye majina mingi! Unatafuta nini pale?"

"Ninaangalia taa, Maman. Taa zote ziko sawa."

"Taa!" Akapiga kiganja kwenye mlango. "Bwana yangu iko mu shimo, taa ya kichwa chake tunaiona toka juu. Unafikiri tunaangaliaka taa? Taa inawaka ata juu ya mutu mwenye alishakufa! Sisi tunamuita mwenyewe. 'Uko?' Anaitika: 'Niko.' Kisha tunaita tena. Siku haitike, tunavuta kamba, hatungoje taa izime!"

Akaendelea kunitukana kidogo, lakini sikusikia tena. Nilikuwa Kampala, katika darasa la jioni, mikono yangu ikinuka sabuni ya magari, na mwalimu akisema kwamba kuna namna mbili za kadi zilizofungwa kujua kama njia ni nzima. Ya kwanza ni kutazama kama kebo ina uhai, yaani taa. Ya pili ni kuiita seva kwa anwani yake kila baada ya kitambo na kusubiri jibu. Ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili ilikuwa kwenye ukurasa uliofuata, na mimi nilikuwa nimechoka, nikauruka.

Umeme wa mtaa ulikuwa umeyumba mashine za mawe zilipoanza. Swichi ya kwanza haikuzimika, ilipigwa bumbuazi. Taa zinawaka, lakini ndani hakuna kinachopita. Na kompyuta zangu zote, kwa kutazama taa, ziliendelea kuingia katika njia ya maiti huku njia nzima ikisubiri kando. Umeme ule mimi ndiye niliyeuchagua, kwa ujanja wangu.

Nikanyoosha mkono, nikachomoa waya wa umeme wa swichi ya kwanza. Taa zake zikafa. Sasa hata kompyuta ziliona.

Nikahesabu moja, mbili. Halafu kutoka ukumbini mtu akapiga kelele, na mwingine, na kicheko kikapita katika umati hadi veranda. Nilichechemea hadi kompyuta ya saba. Mchapaji alikuwa ameondoa mikono, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Karatasi ilikuwa palepale. Herufi alizokuwa amezibonyeza wakati wa kuganda zilikuwa zinajitokeza moja moja zenyewe: S, i, f, a. Hakuna karatasi hata moja iliyopotea katika zote kumi na mbili.

Madame Juge alikuwa bado na kahawa nusu kikombe. Aliiacha.

"Tuendelee," akasema.

Jumatano, saa sita, wakati wa chakula. Kwa sasa tulikuwa tunatembea kwa njia moja, kama zamani, na swichi ya Soeur Espérance ikikohoa tu, basi. Nilikuwa na saa moja. Hapo ndipo uzuri wa mashine zisizo na diski ulipoonekana: sikuhitaji kuzunguka kompyuta kumi na mbili. Nilibadilisha faili moja kwenye seva. Niliziambia kadi ziache kutazama taa, ziiite seva kwa anwani yake, na zisipoitikiwa zihame. Seva nayo niliiambia iwe inaziita kompyuta. Nikatengeneza upya kifurushi cha kuamkia, nikawasha upya ukumbi mzima, na nikairudisha swichi ya kwanza, kwa makusudi, kwenye umeme uleule mbaya wa mtaa.

"Kwa nini usiipeleke kwa betri?" Padri aliuliza.

"Ninataka ilewe tena, Padri. Nikiwa hapa."

Alhamisi, saa nne kasoro. Niliwaambia wachapaji ukweli kwamba jambo linaweza kutokea. Sikuwahi kusema hivyo kwa mteja hata siku moja. Padri alisimama mlangoni na saa mkononi. Maman Wabiwa alikuwa na karatasi yake tayari, yenye muhuri, lakini alikuja, akakaa na Sifa kwenye benchi la nyuma, karatasi ikiwa ndani ya plastiki ndani ya nguo yake. Mlimani mashine zikaanza. Taa zikafifia. Sakafu ikatetemeka. Vioo kumi na viwili vikasita, kwa muda wa mtu kumeza mate.

Vikaendelea.

Nilikwenda chumba cha ndani kutazama. Swichi ya kwanza ilikuwa imepigwa bumbuazi, taa zote kijani, nzuri kabisa, na hakuna aliyekuwa anaipitia. Baadaye ndipo nilipoihamishia kwenye betri.

Ijumaa jioni kikao kilifungwa kwa sababu watu walikuwa wamekwisha. Padri hakutaka kuachia kadi wala swichi. Alitaka vibaki mashineni daima. Alinituma ninunue vipya kwa jina la parokia na kuwarudishia waliokopesha. Jumamosi nilipanda moto, goti limefungwa bendeji, na mteremko wa udongo mwekundu niliupanda kwa miguu yangu.

Bukavu, siku ya kurudisha. Ilikuwa Jumatatu, wiki iliyofuata, na nilivaa suti. Soeur Espérance alipata swichi mpya bado katika karatasi yake, akaniombea. Maman Neema alipata turubai lake limefuliwa na kukaushwa. Alilinusa, akasema lina harufu ya Mwenga, kwa hiyo kumbe nilipita. Papa Chirhuza nilimwachia mwisho. Wateja walikuwepo, nilihakikisha. Nikapanga kadi mpya kumi na mbili juu ya meza yake.

Alizigeuza moja moja. "Mashine hazikulia?"

"Zililia mara moja. Nilizinyamazisha."

"Weye mwenyewe, Diplome?"

Nilitaka kusema ndiyo. Wateja walikuwa wanatazama, na suti ilinikaa vizuri.

"Kutengeneza nilitengeneza mimi," nikasema. "Kuona aliona mama mmoja wa kutwanga mawe." Nikamsimulia yote, pamoja na ukurasa nilioruka.

Papa Chirhuza alizikusanya kadi zote, akazisogeza kando. Kisha akamwambia mke wake aongeze glasi ya pili ya chai. Tangu nirudi sikuwahi kupewa glasi katika duka lile.

Kufika nyumbani nilifungua mfuko wangu wa safari, na chini kabisa, kimekauka na udongo mwekundu, nikakuta kitenge cha Maman Wabiwa. Tangu mteremko ule sikuwa nimekumbuka hata kumuuliza. Nilikifua mwenyewe, mara tatu, maji yalipoacha kuwa mekundu nikakipiga pasi, nikakikabidhi kwa dereva wa jeep inayokwenda Mwenga, naye akakikabidhi kwa moto.

Alhamisi mchana simu iliita. Namba ya Padri, lakini sauti haikuwa yake. Nyuma yake nilisikia mashine za mawe zikisaga.

"Kitenge ilifika," sauti ilisema. "Na jina la Sifa liko ku liste ya mutihani."

Halafu simu ikakwama, kama zinavyokwama za kule, nikasikia mawe tu. Nilitazama kioo cha simu. Mistari yote ya mtandao ilikuwa imejaa. Sikukata. Nilisubiri.

"Diplome!" aliita kwa mbali. "Uko?"

"Niko, Maman," nikaitika. "Niko."